Laini ya Mama Mkubwa

Bunduki ya pini ikifyatuliwa, pini inazama kwenye mbao kabla hujapepesa jicho. Kuing'oa ni habari nyingine. Unapiga magoti, unashika koleo, unachokonoa, unalaani kimoyomoyo, na pini ikikubali kutoka inatoka na nusu ya kucha yako. Kila aliyewahi kuvua kitambaa cha kochi la zamani analijua hilo. Ndiyo maana huwa nashangaa mafundi wa makochi, watu wazima na akili zao, wanapokuja kuniuliza: Wakili, kwenye kasino ya simu pesa naiwekaje?

Kuweka hakuna kazi. Kasino itaipokea pesa yako hata ukiileta kwa mkokoteni. Uliza kutoa.

Jina la Wakili nilipewa karakanani, maana mahakama yenyewe nimeiona kwa nje tu, nikipita kwenda kununua zipu. Aliyenipa ni Mama Mkubwa, dada yake mama yangu na mwenye karakana, siku niliyomsomea mkataba wa pango mstari kwa mstari nikamwonyesha kwamba paa linalovuja ni mzigo wa mwenye nyumba. Paa likatengenezwa. Tangu siku hiyo kila kitu chenye maandishi madogo kinaletwa mezani kwangu, katikati ya foronya za mito ninazoshona: karatasi za dhamana, ujumbe wa benki, dawa ya mende. Na kwa kuwa wanaume wa mtaa ule wamegundua kasino za simu, zinaletwa na hizo.

Mimi sichezi. Msinisifu, si uchamungu. Niliyasoma masharti ya mojawapo, kurasa thelathini na moja, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, na hamu ikakatika yenyewe kama ya mtu aliyechungulia jiko la hoteli kabla ya kuagiza. Lakini ushauri natoa, tena bila kutetemeka. Vocha ya dukani inamfaa anayejificha: unakwangua, unaingiza tarakimu, hakuna anayekuuliza jina. Ubaya wake ni kwamba vocha inajua kumeza tu. Ukishinda, ndipo watakapokuuliza wakulipe wapi. Kadi ya benki inaweka papo hapo na kutoa kwa siku tano za kazi, na kwao wao Jumamosi si siku ya kazi, ingawa kwetu ndiyo siku ya kazi kuliko zote. Kuna sarafu za mtandaoni, ambazo Daktari alinieleza mara mbili, na mara ya pili akagundua kuwa hata yeye hazielewi. Huyu Daktari ndiye anayekata sponji na kuziba mashimo ya makochi, na jina hilo amelipata kwa sababu hajawahi kukiri kwamba mgonjwa amekufa.

Kwa mtu wa kipato chetu mimi huchagua pesa ya simu. Inaingia kwa dakika, inatoka kwa saa, makato unayaona, na njia uliyowekea ndiyo hiyo hiyo unayotolea. Hivyo ndivyo nilivyomchagulia Mjomba.

Mjomba ni kitindamimba wa kina mama yangu. Ana miaka arobaini na mitatu, mvi kidogo kwenye ndevu, na mikono inayoweza kuzamisha kifungo kwenye mgongo wa kochi mpaka kochi lihisi limekumbatiwa. Pamoja na yote hayo, akisikia kikohozi cha dada yake anaficha hata kikombe cha chai alichokinunua kwa pesa yake. Mama Mkubwa aliwahi kumfukuza fundi mmoja kwa sababu ya kucheza karata saa za kazi, na karata zenyewe akazitumia kama kabari chini ya mguu wa meza yangu. Ziko pale mpaka leo. Mezani kwangu hakuyumbi kitu.

Kwa hiyo Mjomba aliponijia miezi mitatu nyuma, alikuja kwa mzunguko, kwanza akaulizia afya ya cherehani yangu. Nikamfungulia akaunti, nikaandika jina lake kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, nikamwekea ukomo wa elfu kumi kwa wiki, kwamba hata akitaka kuweka zaidi mtambo umkatalie. Alikuwa akiweka kila Jumatatu mchana, dakika kumi za mwisho za mapumziko, akiwa amekaa nyuma ya marobota ya sponji. Mara nyingi aliliwa. Akipata elfu mbili tatu alizirudisha mchezoni humo humo. Sikuwahi kumwona akitoa hata senti, na nakiri hapo ndipo nilipopaswa kushtuka.

Jumatatu ya kumi na tatu alishinda milioni moja na laki nne.

Kabla sijaendelea, nieleze kwa nini pesa ile ilikuwa na uzito kuliko pesa. Wiki moja nyuma, meneja wa ukumbi mmoja mkubwa wa mikutano alikuja kutaka viti sitini vya ngozi ya bandia. Cherehani zetu nne zinaimba vizuri kwenye kitambaa, lakini ukizipa ngozi iliyokunjwa mara nne zinavunja sindano kama mtu anayetafuna karanga. Mitaa miwili kutoka kwetu, fundi mmoja wa viatu alikuwa anafunga ofisi na kuuza cherehani yake nzito, imetumika lakini nzima, kwa milioni moja na laki mbili. Mjomba alikwenda kuishika. Alirudi akiisifia kama mchumba. Mama Mkubwa akamwambia kwamba pesa ya karakana ni ya vitambaa na pango, na kwamba yeye hanunui chuma kwa sababu ya ndoto za mtu aliyewahi kufuga sungura, kuuza miwani na kujifunza tarumbeta, vyote ndani ya mwaka mmoja. Aliyasema mbele yetu sote. Meneja angepewa jibu Jumamosi, na fundi wa viatu alikubali kuishikilia cherehani mpaka Jumamosi saa sita mchana. Kwa Mama Mkubwa jibu lilikuwa limeshajulikana.

Sasa unaona. Mjomba hakutaka tu cherehani. Alitaka aingie nayo mlangoni.

Aliniita nyuma ya marobota akiwa ameishika simu kwa mikono miwili, kama sahani ya mchuzi. Nilisoma tarakimu, nikazisoma tena kutoka nyuma, kisha nikamwambia asiguse kitu. Nikabonyeza "Toa", nikaandika kiasi chote. Mtambo ukafikiri kidogo. Ukajibu kwamba jina la mwenye akaunti halilingani na jina la mmiliki wa laini, na kwamba malipo yamezuiwa.

Nikamwuliza Mjomba laini yake ina jina la nani. Akaniangalia kama niliyemwuliza jina la kivuli chake. Kisha uso wake ukaanza kubadilika taratibu, kuanzia kwenye paji kushuka chini, na mimi nikakumbuka wakati ule ule na yeye.

Kwenye kazi yetu kuna vitabu vya sampuli, vile vizito vyenye vipande vya vitambaa ambavyo mteja anavipapasa na kusema ataenda kufikiria. Maduka ya vitambaa huviazima kwa mafundi, na dhamana ni kitambulisho. Ukichukua kitabu unaacha kitambulisho, ukirudisha unakichukua. Wiki hadi wiki vitambulisho vya mafundi wa mtaa mzima vinalala kwenye droo za maduka ya vitambaa, na ukimwuliza fundi kitambulisho chako kiko wapi anakujibu kiko kwenye mahameli. Basi, miaka sita iliyopita, watu wa kampuni ya simu walipopita na meza yao kuandikisha laini, ikiwa ni siku ya mwisho, cha Mjomba kilikuwa kwenye mahameli na cha Daktari kwenye kitani. Karakana nzima ilikuwa na kitambulisho kimoja tu cha mtu mzima. Mama Mkubwa, asiyependa kazi isimame, akatoa dole gumba lake, akalibonyeza mara tatu, laini tatu, akarudi kupima kitambaa.

Miezi mitatu kasino ilikuwa ikimeza elfu kumi kumi kutoka kwa Mama Mkubwa, na haikuona tatizo lolote na majina. Tatizo lilionekana pale pesa ilipotakiwa kugeuza njia.

Nilimwambia Mjomba kosa ni langu. Nilikuwa nimesoma kurasa thelathini na moja za watu nisiowajua nikasahau kumwuliza mtu wangu swali moja. Alinipoza, akasema hata yeye alikuwa amesahau, na isitoshe mawakili wote huwa wanapoteza kesi ya kwanza. Ilikuwa faraja mbaya, nikaichukua hivyo hivyo.

Mchana ule nilipiga hesabu ya njia zote. Kadi ya benki haikufaa, maana Mjomba hana akaunti, na hata angekuwa nayo, masharti, ukurasa wa kumi na tisa, yanasema pesa irudi kwa njia iliyoingilia. Vocha, nimeshasema. Nikawaandikia watu wa huduma kwa wateja, wakanijibu ndani ya dakika nne kwa adabu nyingi mno: mpendwa mteja, mwenye laini aende ofisi ya kampuni ya simu amhamishie laini mwenye akaunti, baada ya hapo tutakagua na kulipa ndani ya saa arobaini na nane. Daktari, ambaye alikuwa amesikia yote kwa sababu sponji haizibi sauti kama anavyodanganya wateja, alishauri tumpige picha Mama Mkubwa akiwa na kitambulisho, tumwambie ni ya fomu ya ukumbi. Nilimwambia njia hiyo ni nyepesi sana na mwisho wake ni yeye kukata sponji kwa mtu mwingine. Njia zote zilipita mlango mmoja, na mlangoni amekaa dada mtu na tepu ya kupimia shingoni.

Mjomba aliamua kumwambia nusu. Kesho yake asubuhi alimwomba dada yake waende ofisi ya simu siku ya Jumatano, kwamba anataka laini yake iwe kwa jina lake, maana umri unakwenda. Mama Mkubwa akasema hilo ni jambo la maana, la kwanza la maana kutoka kwake tangu tarumbeta iuzwe. Nikaambatana nao, kwa kuwa kuna fomu.

Ofisi ya simu ina viti vya plastiki vilivyounganishwa, ambavyo Mama Mkubwa alivikagua kwa dharau ya kitaalamu, na mashine inayotoa namba za foleni. Tulikuwa wa arobaini na saba. Feni lilikuwa linazunguka na kulalamika. Mjomba alikuwa ameoga mara mbili, nadhani, maana alinuka sabuni mpaka mtoto wa jirani yetu kwenye foleni akapiga chafya. Tukaitwa dirisha la pili. Dada wa dirishani alikuwa mpole, mwenye kucha ndefu zilizopakwa rangi ya machungwa, akachukua vitambulisho vyote viwili, akabonyeza bonyeza, akasema kila kitu kiko sawa, imebaki swali la usalama.

"Mama, nitajie sehemu tatu za mwisho ulizotuma pesa kwa laini hii."

Mama Mkubwa, ambaye hajawahi kuishika ile laini tangu dole gumba lake liiguse, akanigeukia mimi. Nikamgeukia Mjomba. Mjomba akaligeukia feni.

"Mama?" dada wa dirishani aliuliza.

Ningeweza kusema kitu. Nilikuwa na sentensi nne tayari kichwani, zote nzuri, zote za uongo, na nilikuwa nimeshafungua mdomo. Mjomba akaniwahi. Aliweka viganja vyote viwili kwenye kaunta, kama anavyofanya anapotaka kunyoosha kitambaa chenye mkunjo.

"Kasino," alisema. "Kasino ya mtandaoni. Hiyo sehemu ya kwanza, na ya pili, na ya tatu."

Foleni nzima nyuma yetu ikanyamaza kwa ile heshima ambayo watu huipa habari ya mwenzao. Dada wa dirishani akatazama kioo chake, akatikisa kichwa kukubali, akasema ni sahihi kabisa.

Mama Mkubwa hakupaza sauti. Sijawahi kumsikia akipaza sauti, hajawahi kuhitaji.

"Umeshinda?"

"Nimeshinda, Dada."

"Na kutoa umeshindwa."

"Ndiyo."

"Kwa sababu kule pesa inatoka kwa jina, na jina ni langu."

"Ndiyo, Dada."

Akamgeukia dada wa dirishani. Akamwuliza, kwa upole wa mtu anayeuliza bei ya uzi, jumla ni mara ngapi. Mjomba akawahi kusema si nyingi, kama mara tano hivi. Dada wa dirishani akasoma: mara kumi na tatu, elfu kumi kila mara, kila Jumatatu, kati ya saa saba na nusu na saa nane kasoro. Mama Mkubwa akanitupia jicho mimi. Alijua ukomo wa elfu kumi hauwezi kuwa wazo la Mjomba. Jicho lile lilikuwa na karipio na, naapa, chembe ya sifa ndani yake, lakini sifa ilikuwa ndogo, ya kupima kwa kijiko.

Kisha akamwuliza mdogo wake pesa ni ya nini. Mjomba akasema, cherehani. Ile ya ngozi. Hakuongeza neno, na kwa mtu kama Mjomba hiyo ni kama wengine kupiga magoti.

Mama Mkubwa akaweka dole gumba lake kwenye kile kioo kidogo. Mara moja tu safari hii.

Nje, kwenye kibaraza, alisimama akafunga mkoba wake vizuri. Alisema cherehani ikiwa karakanani Jumamosi saa sita, yeye atamjibu meneja ndiyo. Isipokuwepo, basi Mjomba atamweleza meneja mwenyewe, mbele ya mafundi wote, kwa nini haikuwepo, na atataja Jumatatu zote kumi na tatu moja moja. Mjomba akamnyooshea simu, kwamba bora aishike yeye mpaka pesa iingie.

"Kaa nayo," alisema Mama Mkubwa. "Mimi sichungi mtu mwenye mvi."

Nikaomba malipo upya pale pale kibarazani, jina kwa jina, na mtambo ukakubali. Hapo ndipo nikamwonyesha Mjomba ukurasa wa ishirini na nne, ule ambao huwa nawaambia watu wausome kabla ya kuchagua njia yoyote, nao wananijibu watausoma baadaye. Unahusu muda wa kusubiri. Pesa uliyoomba haitoki mara moja. Inakaa kwenye foleni, na muda wote ikikaa hapo kuna kitufe cha kijani, kikubwa kama andazi, kimeandikwa "Ghairi uendelee kucheza". Pembeni yake neno "Subiri" limeandikwa kwa kijivu, dogo, kama lililoandikwa na mtu anayeona aibu. Njia ya kutoa ikiwa ya haraka, kitufe kinakaa nusu saa. Kwenye yetu, kwa sababu ya jina lililobadilishwa, kingekaa saa arobaini na nane.

Kufika saa tisa mchana ujumbe ulishaingia: leo tu, mpendwa mteja, ukighairi tunakuongezea asilimia hamsini. Mjomba aliusoma akiwa amekaa kwenye fremu tupu ya kochi. Alianza kunieleza hesabu. Kwa nyongeza ile ingefika milioni mbili na laki moja. Cherehani ingenunuliwa, na kungebaki pesa ya uzi, sindano, pengine hata ya kumlipa Mama Mkubwa laki moja na thelathini, maana kisheria ilitoka kwenye laini yake, si ndiyo, Wakili? Nilimwambia nyongeza hiyo ina masharti ukurasa wa ishirini na nane, na kwamba kuipata lazima uizungushe mchezoni mara thelathini na tano kabla hujaruhusiwa kuitoa. Alisema ameelewa. Dole gumba lake lilikuwa halijaelewa. Lilikuwa linazunguka juu ya kile kitufe kama mtu anayetafuta pa kuegesha.

Halafu akasimama.

Alizima intaneti ya simu, kwa kuwa ujumbe wa pesa hauihitaji. Akaikunja simu ndani ya pamba, akachukua mto mmoja wa kochi la maonyesho, lile lililokaa mbele karibu na mlango, akaichimbia shimo katikati ya sponji na kuizika. Akashona mdomo wa mto kwa uzi uliopakwa nta, mara mbili, mshono wa ndani usioonekana, akamaliza kwa fundo lake lile ambalo mimi mpaka leo sijui linaanzia wapi. Daktari alimwuliza, je, akipigiwa na wateja? Mjomba akasema wateja wanapajua alipo.

Akaurudisha mto mahali pake, akaupiga kofi ukae sawa.

"Nikitaka kughairi itanibidi nifumue kazi yangu," aliniambia. "Na mimi kazi yangu sijawahi kuifumua."

Hilo ni kweli. Mjomba amewahi kulazwa na homa akakataa kunyanyuka kitandani mpaka aambiwe mshono wa kochi fulani umeshika. Siku ya Alhamisi alipita pale mbele mara nyingi kuliko kazi ilivyohitaji. Aliukazia macho ule mto. Mara moja alikaa juu yake, makusudi, kwa uzito wake wote, kama mtu anayemkalia adui. Lakini wembe hakushika. Mama Mkubwa aliona kila kitu kutoka kwenye meza yake ya kukatia, na alichofanya ni kumpa kazi ya kushona migongo minane kabla ya jioni.

Ijumaa saa nne na robo, meneja wa ukumbi akatokea. Siku moja kabla, kwa sababu bodi yake inakutana mchana na wanataka jibu. Mwembamba, suti ya kijivu, mkoba wa kompyuta. Akakaribishwa kukaa, na ukiwa karakana ya makochi unakaa pale palipo mbele. Akaukalia mto.

Mama Mkubwa akaanza kumweleza habari za rangi za ngozi, polepole, akivuta muda kama anavyovuta kitambaa kilichopungua inchi moja. Mjomba alikuwa amesimama na nyundo mkononi asiyokuwa na kazi nayo. Nilikuwa nahesabu: saa arobaini na nane zilikuwa zimebakiza robo saa. Meneja akasema anashukuru kwa maelezo, ila anahitaji kujua, ndiyo au hapana.

Mto ukanguruma.

Meneja akanyanyuka nusu, akatazama chini, akatazama simu yake mwenyewe, akakaa tena. Mto ukanguruma mara ya pili, mrefu zaidi. Alituuliza, kwa adabu ya mtu ambaye bodi inamsubiri, kama makochi yetu yote yana hiyo. Daktari akamjibu kwamba hiyo ni ya majaribio.

Mama Mkubwa alimtazama mdogo wake. Wakatazamana kwa muda ambao sindano moja ingeshona nusu mita. Kisha akamgeukia meneja.

"Viti sitini tunachukua," alisema. "Wiki nne. Nusu ya pesa mwanzo."

"Dada," Mjomba alisema kwa sauti ya chini, "hatujasoma."

"Basi soma. Mimi nimeshamjibu mtu."

Meneja akaombwa ahamie kiti kingine. Nilimpa Mjomba wembe wangu, akaupokea, akauangalia mshono wake mzuri, akashusha pumzi, akaufumua. Alifumua kwa mpangilio, uzi mmoja mmoja, kama anayemvua mgonjwa bandeji. Akatoa simu kwenye pamba.

Jumbe zilikuwa mbili. Alisoma wa kwanza na rangi ikamtoka usoni: kampuni ya simu inampongeza kwa kujiunga na familia yake na kumzawadia dakika kumi za maongezi. Nikamwambia ashuke chini. Akashuka. Wa pili ulikuwa na tarakimu, na jina la mpokeaji lilikuwa jina lake, lote, herufi kwa herufi, na salio lilikuwa milioni moja na laki nne kasoro makato niliyokuwa nimeyakadiria kwa kukosea shilingi kumi na mbili tu.

Saa nane mchana cherehani iliingia kwa mkokoteni. Mjomba hakumruhusu mwenye mkokoteni kuishusha. Aliibeba mwenyewe akisaidiana na Daktari, wakapita nayo mlangoni kiubavu ubavu, na Mama Mkubwa akasogeza meza yake ya kukatia, ile ambayo haijasogezwa tangu nizaliwe, ili ipate nafasi karibu na dirisha. Alichukua kipande cha ngozi ya bandia, akakikunja mara nne, akamkabidhi mdogo wake. Sindano ikapita kama haikukuta kitu.

Jumatatu, saa saba na nusu mchana, Mjomba aliniomba nimsindikize mahali pamoja na dada yake. Tulikuwa wa thelathini na moja kwenye foleni. Dada wa dirishani, safari hii kucha za bluu, alimsikiliza, akamwomba arudie. Mjomba akarudia: anataka laini irudi kwenye jina la dada yake. Dada wa dirishani akauliza, kwa nia njema, kwa nini.

"Ili kule kuweka niweze," alisema Mjomba, "na kutoa nisiweze."

Nimesoma masharti ya kasino, mikataba ya pango na karatasi ya dawa ya mende, na sijawahi kuona kifungu kilichokaa vizuri kama kile. Akaunti ina jina lake, laini ina jina la Mama Mkubwa. Anayejua kwamba pini haitatoka hapigi bunduki. Mama Mkubwa aliweka dole gumba lake, akachukua mkoba, na njiani kurudi akamwuliza Mjomba anadhani migongo ya vile viti iwe na vifungo au isiwe navyo. Alimwuliza kama fundi anavyomwuliza fundi, akasubiri jibu, na jibu likawa refu mno.

Biashara yangu ya ushauri haijafungwa. Jana tu kaja kijana wa duka la vioo, simu mkononi, anataka kujua kati ya vocha na kadi ipi inaweka haraka. Nikamwambia akae, si hapo, huo mto bado haujashonwa. Nikamwuliza kwanza laini yake ina jina la nani. Akasema la mama yake.

Nikamwambia aende akampelekee mama yake habari hiyo, kisha arudi tuendelee. Sijamwona tena.